Harambee ya Matete

Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa Tobias alikuwa mlinzi wa mapokezi katika jengo la ghorofa kule mtaa wa Shaw, Amerika, na kazi yake kubwa ilikuwa kupokea vifurushi vya watu wasiojua jina lake. Jumamosi alikuwa Chairman. Hakuna aliyempigia kura na katiba haikuwepo. Kulikuwa na jiko kubwa la mkaa, koleo refu la kugeuzia nyama, na uwanja wa nyasi kando ya mto Anacostia pale Bladensburg, ambako Wakenya na Watanzania wa pande zile walikusanyika tangu baridi inapolegea hadi inaporudi. Tobias ndiye aliyeamua nyama imeiva au bado, nani apewe mbavu na nani avumilie shingo. Watu wenye shahada tatu walisimama mbele yake wameshika sahani za karatasi, wamenyamaza kwa adabu. Ukimnyang'anya Tobias uwanja ule, ulikuwa umembakizia vifurushi.

Kwa hiyo siku Anitha alipotokea na picha zake mbili, aliacha kugeuza nyama kabla hata hajaambiwa kitu.

Anitha alikuwa binti wa Bukoba, mwanafunzi wa uchumi katika ngazi ya uzamivu, mwembamba, mwenye miwani na sauti ya kuomba radhi.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Poa sana," akajibu Tobias, aliyezaliwa Webuye, ambako salamu hiyo husikika redioni tu.

Anitha akaendelea. Ofisi inayosimamia bustani za umma ilikuwa na mpango wa kuuacha uwanja urudi kuwa kinamasi, ulivyokuwa zamani: matete, vyura, ndege, na njia ya mbao ya kupita watu wenye kamera. Kabla ya kuamua, ofisi ilitaka kujua wananchi wanalithamini kwa kiasi gani badiliko hilo la mandhari, kwa pesa. Ndiyo kazi aliyosomea Anitha, kupima thamani ya kitu ambacho hakiuzwi dukani. Na mpaka siku ile alikuwa amewahoji wazungu tu, hao wa kutembeza mbwa.

Picha ya kwanza ilionyesha uwanja ulivyo. Ya pili ilikuwa imetengenezwa kwa kompyuta. Matete yalimpita mtu kimo, na katikati yake korongo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja.

Tobias alimwonyesha korongo kwa ncha ya koleo. "Huyu ni nani?"

"Ni ndege tu, mzee. Ni mfano."

"Amesimama kwa jiko yangu."

"Ni mfano, mzee wangu."

"Mwambie atoke."

Anitha akacheka, akidhani ni utani. Akaeleza kwamba angerudi Jumamosi inayofuata kuuliza kila nyumba swali moja: mngekuwa tayari kulipa kiasi gani kwa mwaka? Alisema na mengine baada ya hapo, tena aliyapanga vizuri, ila Tobias alikuwa ameshafika mbali. Neno "kulipa" lilikuwa limemtosha.

Tusimlaumu haraka. Tobias alilelewa na harambee. Darasa alilosomea lilijengwa kwa harambee, bili ya hospitali ya mama yake ililipwa kwa harambee, na tiketi yake ya kuja Amerika ilipatikana siku ambayo jogoo mmoja aliuzwa kwa mnada mara nne na kurudishwa mezani mara nne. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona mtu akiuliza harambee yenyewe ni ya nini. Unatazama aliyekutangulia ametoa ngapi, unapanda juu yake kidogo, unapigiwa makofi, unakaa. Basi kama ofisi ilitaka kujua nani anauthamini uwanja, dawa yake ilikuwa rahisi. Wangetaja pesa mpaka ofisi ione haya.

Alimweleza mkewe jioni ile. Abigail alikuwa nesi, naye alikuwa amevua viatu vya kazi na kuinua miguu juu ya stuli.

"Na hizo pesa ni za nini hasa?" aliuliza.

"Za uwanja."

"Uwanja ifanywe nini?"

"Wewe unapenda maswali sana."

"Na wewe unapenda sana microphone," alisema Abigail, akafumba macho.

Jumamosi ilipofika, treni ya Anitha ilijikokota kwa sababu ya matengenezo ya reli, na alipofika uwanjani alidhani amepotea njia. Kulikuwa na hema. Kulikuwa na viti vilivyopangwa kwa safu, spika mbili, na meza yenye kitambaa cheupe, maua ya plastiki na chupa za maji. Nyuma ya meza kulikuwa na kiti kimoja cha mito, na kiti hicho, aliambiwa, ni chake. Yeye ndiye mgeni rasmi.

"Mzee, mimi nilitaka nimhoji kila mtu peke yake," alinong'ona. "Pembeni. Bila wengine kusikia."

Tobias alimtazama kwa huruma. "Sasa mtu akitoa pesa na hakuna mwenye amesikia, huyo ametoa nini?"

Aliyeshika kipaza sauti alikuwa Jerotich, nesi mwenye sauti iliyozoea kuongoza kwaya kule Takoma Park. Alimkaribisha mgeni rasmi, akaomba apigiwe makofi ya kilo, yale mazito ya kuhesabiwa pamoja, watu wakayapiga yote kwa mpigo. Anitha alisimama. Kwa heshima ya taaluma yake ni lazima tuseme kwamba aliuliza swali lote, neno kwa neno: kila nyumba ingekuwa tayari kulipa kiasi gani kwa mwaka ili uwanja huu ugeuzwe kuwa kinamasi cha matete. Alilisema wazi. Spika zilikuwa nzima. Watu walimshangilia kwa nguvu kwa sababu alizungumza kwa ufupi.

Tobias akafungua. "Mimi kama Chairman, kwa niaba ya nyumba yangu, nasimama na dola elfu moja."

Makofi. Jerotich akaimba ubeti. Abigail, aliyekuwa ameketi safu ya pili, alikunja uso na kumtazama mumewe, lakini tayari Gitau alikuwa amesimama. Gitau alikuwa dalali wa nyumba, na hakuwahi kukubali kushindwa na mtu anayepokea vifurushi.

"Mimi na marafiki zangu," alisema, akifunga kifungo cha koti, "tuko na elfu moja na mia mbili."

Marafiki hao hawakuonekana popote. Hilo ni jambo la kawaida, na hakuna aliyewatafuta. Kisha akasimama Lusekelo, Mtanzania wa Mbeya aliyezoea michango ya arusi ya kwao yenye kadi na vikao, akataka kujua kama kamati imeshaundwa na mweka hazina ni nani. Alipoambiwa asilete maneno mengi alipandwa na hasira, akataja elfu moja na mia tano. Jerotich, kwa kuwa ndiye aliyeshika kipaza sauti na hakuna wa kumzuia, akajitaja kwa elfu mbili. Kila Anitha alipofungua mdomo alipigiwa makofi ya kilo. Mwishowe alikaa, akaandika yote aliyoyasikia. Kazi yake ilikuwa kuandika majibu ya watu. Kuwakatalia majibu yao hakufundishwa.

Jumatano Tobias alikuwa mezani pake Shaw, anatafuta kifurushi cha mpangaji mmoja aliyekuwa akimwita "buddy" kwa kutolijua jina lake, simu ikalia.

"Mzee wangu, mwalimu wangu amefurahi mno," alisema Anitha. "Mto mzima huu hakuna watu wanaoyataka matete kama ninyi. Hata chama cha watazama ndege mmewaacha mbali."

"Tunataka nini?"

"Matete, mzee. Kinamasi. Nyumba moja kutoa elfu mbili kwa mwaka! Ofisi wanasema kwa majibu haya hakuna haja hata ya kuongeza utafiti."

Tobias alikaa chini, na kifurushi cha watu kikaanguka sakafuni. Jambo lililofanyika lilimfikia polepole, kisha likamfikia lote kwa pamoja. Alikuwa ameuchangia msiba wake mwenyewe. Alikodi hema na viti ili aufanye uwe msiba mkubwa.

"Futa," alisema.

"Siwezi kufuta, mzee. Ni majibu ya watu."

"Anitha, mwanangu, hiyo ilikuwa harambee! Hakuna mtu ako na hiyo pesa!"

Anitha alikuwa ameshasoma katika vitabu kwamba watu hutaja pesa ambazo hawatazitoa, ila hakuwahi kusikia mtu akiliungama jambo hilo kwa sauti ya kulia. Akaeleza taratibu kwamba njia ilikuwepo. Mtu akisema mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba hakukusudia kulipa, jibu lake linaondolewa na anaulizwa upya. Lakini lazima aseme mwenyewe. Chairman hawezi kuwasemea.

"Hiyo ni rahisi," alisema Tobias. Alikuwa bado hajapiga simu hata moja.

Gitau alikasirika. "Unasema mimi sina twelve hundred? Mimi? Tobias, nyumba nimeuza last month unajua ni ya pesa ngapi?"

"Gitau, ukilipa hiyo pesa unalipia chura."

"Basi nitalipia chura! Nilisema mbele ya watu."

Lusekelo alisema kwamba yeye hana kawaida ya kula matapishi yake, akaongeza kwamba haya yote yasingetokea kama pangekuwa na kamati. Jerotich alilia kidogo, akasema heri uwanja uende kuliko kwaya nzima ijue kwamba alidanganya kwenye kipaza sauti. Tobias aliendelea kupiga simu hadi zamu ikaisha. Hakuna hata mmoja aliyekubali. Watu wote walikuwa radhi kuzamishwa kwenye matete hadi shingoni, mradi tu wazame na heshima zao.

Usiku huo Abigail alikuwa zamu, na Tobias alikaa peke yake akigeuza jambo hilo kichwani kila upande. Ili watu waseme, ilibidi mtu mmoja aanze. Mtu huyo akianza, hatakuwa Chairman tena, kwa maana nani atamwachia mbavu mwongo? Na asipoanza hakutakuwa na uwanja, na Chairman wa matete hajawahi kusikika. Aliitafuta njia ya tatu mpaka akachoka.

Jumamosi alipanga mkaa, akaweka nyama, akasubiri foleni iwe ndefu. Safari hii Anitha alikuwa amekuja na gari lake kuukuu na kuliegesha karibu na mto. Abigail naye alikuwepo, ametoka zamu, macho mekundu. Tobias aligonga jiko kwa koleo.

"Watu wangu," alisema. "Ile thao, elfu moja nilisema siku ile, sina. Siku ile sikuwa nayo, na leo sina. Nilisema tu ndio mnipigie makofi. Na hiyo pesa tuliahidi ni ya kuleta matete hapa, sio ya kuzuia. Mimi ndio niliwaingiza kwa hiyo shimo. Huyu msichana alisema, mimi sikusikia."

Mafuta yalidondoka juu ya makaa. Tobias aliona aibu hadi masikio yakawaka, akatazama chini. Hapo ndipo ilipotoka sauti ndogo ya Jerotich, bila spika.

"Hata mimi sina."

"Mimi pia," alisema Lusekelo. "Na kwa kuwa tumeanza, dada Jerotich, ile ahadi niliyotoa kwa arusi yako nayo naomba ifutwe."

"Hiyo sifuti."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kikafungua vinywa vya wengine. Mmoja baada ya mwingine alikana pesa zake, wengine wakakana na za miaka iliyopita ambazo hakuna aliyeziuliza. Gitau alibaki peke yake, koti limefungwa, jasho linamtoka. Watu walimgeukia.

"Wale marafiki," alisema hatimaye, "tulikosana."

Anitha aliondoa majibu yote, kisha akasema atamuuliza kila mmoja upya, ndani ya gari, peke yake, na safari hii maswali yangekuwa mawili: unalipa ngapi matete yaje, na unalipa ngapi nyasi zibaki. Wakaingia mmoja mmoja, wakatoka wametulia. Tobias alingoja hadi mwisho, akaacha nyama juu ya moto, akaingia na kukaa kiti cha mbele. Joto lilikuwa kali na kiyoyozi cha gari kilikufa zamani, kwa hiyo dirisha la upande wa Anitha lilikuwa wazi.

"Sasa, mzee, hapa hakuna anayesikia. Nyasi zibaki, ungetoa ngapi? Kweli kweli?"

Tobias alifungua mdomo kutaja, akaufunga. "Nikitaja yoyote, utaniamini?"

"Pengine hapana," alikiri Anitha. "Lakini mtu akikosa kiasi cha kutaja, sisi huwa tunamuuliza ameacha nini ili awe anakuja hapa."

Tobias alitazama mbele, kwenye kioo. Huko nje watu walikuwa wameanza kupanga foleni na sahani zao, wakimtafuta kwa macho. Akajikuta anasema jambo ambalo hakulipanga.

"Walinipa usupavaiza pale kazini. Mwaka juzi. Pesa mzuri, karibu nusu ya mshahara juu. Lakini lazima ufanye Jumamosi. Nikakataa. Bibi yangu nikamwambia walininyima, ati kwa sababu ya vile naongea Kiingereza."

Anitha hakuandika. Alikuwa anatazama dirishani kwake, mahali ambapo Abigail alikuwa amesimama na sahani ya nyama aliyomletea mgeni.

"Nilifunga," alisema Abigail. Sauti yake ilikuwa tulivu, na Tobias aliijua sauti hiyo akatamani angepigiwa kelele. "Nilifunga na kuomba juu ya huyo boss wako, Tobias. Nilimwombea mabaya. Mtu wa watu, na watoto wake."

Akafungua mlango wa nyuma akaingia, sahani mapajani.

"Abi, kule naitwa buddy," alisema Tobias bila kugeuka. "Miaka yote hiyo. Hapa mtu anasimama mbele yangu, ananitazama kwa uso, ananiuliza, Tobias, imeiva? Hiyo tu. Nilitaka hiyo tu."

"Na mimi? Hiyo pesa ulikataa, unafikiri ilitoka wapi? Nilichukua nights, zamu za usiku. Jumamosi asubuhi nikirudi nyumba iko kimya, wewe umeshatoka na mkaa. Nakula mkate nikiwa nimesimama jikoni. Nani ananitazama kwa uso?"

Tobias alikuwa amefikiri kwamba yeye peke yake ndiye aliyetoa kitu kwa ajili ya uwanja ule, kumbe mlipaji alikuwa Abigail, na hakuwahi kuulizwa.

"Anitha, niulize mimi," alisema Abigail. "Hayo matete."

"Mama, utaratibu wetu ni nyumba moja jibu moja."

"Niulize."

Anitha alimtazama Tobias, Tobias akainamisha kichwa. Basi akauliza: ungekuwa tayari kulipa kiasi gani kwa mwaka ili uwanja huu ugeuzwe kuwa kinamasi?

"Mia moja na hamsini," alisema Abigail bila kusita. "Niko nazo, na nitalipa. Waanze hata kesho."

"Na sababu? Samahani, lazima niulize. Ndege? Maji safi?"

"Ndege ya nini? Nataka huyu mtu akae nyumbani Jumamosi."

Kalamu ya Anitha ilibaki hewani. Alikuwa na nyumba moja, majibu mawili, na kitabu chake hakikusema lolote juu ya kiti cha nyuma. Kule uwanjani Jerotich alianza kuita Chairman, Chairman, moshi mweusi unapanda.

"Andika yake," alisema Tobias.

Abigail hakulitarajia hilo. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi wa mpaka jioni. Aliitazama sahani iliyokuwa mapajani pake.

"Kwanza nenda ugeuze hiyo nyama," alisema, sauti imemlegea. "Inaungua."

"Wacha iungue," alisema Tobias, akafungua mlango na kuhamia kiti cha nyuma.